Hesabu kwa Majembe

Mwaka ule noti zilipokatwa sufuri mbili
niliingia kiwandani, Jinja, kitengo cha kunoa.
Karani Balikowa akanipa bahasha ya kaki,
nikahesabu mara tatu, nikakosea mara tatu,
maana shilingi zile mpya sikuzijua uzito.
Nikamwuliza mwenzangu wa zamu, Adriko:
"Hizi ni pesa kiasi gani?"
Akaokota jembe, bado lina joto la jiwe,
akapitisha kidole gumba kwenye makali, akasema:
"Hizo ni majembe thelathini na manane."

Tangu siku hiyo sijahesabu kwa kitu kingine.

Shilingi hunenepa na kukonda kama mbwa wa sokoni;
jembe ni jembe.
Ratili mbili na nusu, tundu, bega, ulimi,
na pale begani namba yangu, saba,
niliyoigonga kwa nyundo kabla ya rangi.

Thelathini na manane: nikamwoa Naikoba
kwa nguvu ya hesabu hiyo.
Mtoto wa pili alipozaliwa, thelathini na moja.
Mwaka wa mgomo tuliongezewa,
tukaimba kutoka langoni hadi Walukuba,
na bei ya jembe ikapanda juma lililofuata:
ishirini na tisa.
Nyongeza ilikuwa nyongeza. Karatasini.

Kisha wakaja watu wa kalamu na saa ya kubonyeza,
wakasema mshahara wa mwezi ni usingizi,
mtu alipwe kwa kipande.
Adriko alifurahi. Mikono yake ilikuwa na mbio.
Miezi miwili alinizidi,
wa tatu wakashusha bei ya kipande,
wa nne jiwe likamla kidole cha shahada,
na kipande hicho hakuna aliyekilipa.

Wasichana wa visu, chumba cha pili, walilipwa kwa dazeni.
Mutesi alipanga kwenye boksi visu vya mezani
vyenye mpini mweupe wa plastiki,
na nyumbani kwake walikata posho kwa uzi.
Kimoja kikipotea, dazeni nzima inafutwa.
Niliwahi kugawanya ujira wake kwa majembe;
ulitoka mpini tu.

Halafu yakashuka majembe ya melini,
mepesi, yana picha ya jogoo,
na bei ikaanguka, letu na lao.
Nikakokotoa: thelathini na matano!
Nikakimbia kumwambia Naikoba.
Alikuwa akipima chumvi kwa kijiko.
Hakuinua uso.
"Sasa hesabu kwa sukari," akasema.

Walipozima tanuri hawakuwa na fedha taslimu.
Kiinua mgongo changu kilikuja kwa toroli:
majembe mia mbili na sita, bila mipini.
Nikatia sahihi. Mgongo haukuinuka.
Miaka ishirini na miwili nimenoa chuma,
sikuchuma.

Nimeyapanga hapa Masese, juu ya gunia.
Jana alikuja mama mmoja wa Buwenge,
akafungua leso, akatoa jembe lake la kale,
limeliwa na udongo hadi likawa kama kiganja.
"Nataka lingine kama hili," akasema.
"Haya ya jogoo yanapinda kwenye mzizi wa kwanza."
Nikaligeuza, nikafuta begani kwa mate.
Saba.

Akauliza bei.
Nikafungua mdomo nimjibu,
nikajikuta nahesabu upya:
misimu mingapi, mihogo mingapi,
karo ya watoto wangapi
imepita kwenye kile chuma chembamba,
na upande wa pili ile bahasha ya kaki.

Mama akasubiri, vidole vikikunja noti.
"Sema basi, gari langu linajaa."

Nikamtajia bei ya soko.
Akaomba nipunguze.